Namba ya Biashara Iwe Mali ya Biashara

Vuteni mkeka, leo tuna mazungumzo marefu kidogo, na wenye biashara nawaomba mkae mbele. Tunazungumzia simu ya biashara: nani anaishika, nani anaimiliki, na kama ni busara kuihamishia kwenye intaneti.

Aliyeniletea jambo hili ni mdogo wetu mmoja wa Mwanza. Ana duka la mapazia. Alianza na cherehani moja barazani, leo ana mafundi wanne na tawi dogo Geita. Miaka mitatu iliyopita aliajiri binti wa kupokea wateja. Siku ya kununua laini ya duka, mwenye duka alikuwa safarini kufuata mzigo, basi akamtuma binti. Binti akaweka kidole chake kwenye mashine, laini ikasajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba hiyo ikaandikwa kwenye kibao cha duka, kwenye kadi, kwenye vitabu vya risiti na ubavuni mwa bajaji ya kupeleka mizigo. Juzi binti ameacha kazi na kuondoka na laini yake. Sasa anauza mapazia nyumbani, na wateja wakipiga namba iliyopo kwenye kibao, anayepokea ni yeye. Mdogo wetu anauliza, "Dada, nimshitaki?" Halafu mwisho wa ujumbe ameongeza kwamba kuna kijana anamshauri aweke simu za intaneti, naye hajui kama ni kitu cha maana au ni njia ya kumla hela.

Pole sana, mdogo wangu. Najua uchungu wa kusikia biashara uliyoijenga kwa jasho ikipokelewa na sauti ya mtu mwingine.

Nianze na hilo la kushitaki. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania mwaka 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Maana yake ni kwamba kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, mwenye laini ile ni binti. Huwezi kwenda na kibao cha duka ukasema namba ni yako. Kabla ya mahakama, mwite mzungumze kama watu wazima, na umchukue mtu mmoja mwenye hekima awe shahidi. Akikubali, hata kama utampa kifuta jasho, nendeni wote wawili kwenye duka la mtandao husika mkaombe umiliki ubadilishwe. Akikataa, mpelekee mwanasheria mkataba wake wa kazi auone. Na kama hakukuwa na mkataba, hilo nalo ni somo la siku nyingine.

Lakini nikwambie ukweli kwa upendo: tatizo lako halikuanza siku binti alipoondoka. Lilianza siku namba ya biashara ilipowekwa mfukoni mwa mtu. Na katika hili hauko peke yako. Biashara zetu nyingi, za mjini na za mikoani, zinaishi hivyo.

Kaunta yenye simu tano

Mwaka jana nilikwenda Kariakoo kwa rafiki yangu anayeuza vitenge vya jumla, nikakaa nyuma ya kaunta yake Jumamosi nzima. Juu ya kaunta kulikuwa na simu tano. Kila moja imezungushiwa plasta nyeupe ya kufungia vidonda, na juu ya plasta pameandikwa kwa kalamu: MIKOANI. MZIGO. ZENJI. LIPA. BOSI. Simu ya MIKOANI ilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, na chaja yake imefungwa kwa mpira wa kubania noti ili isichomoke.

Saa nne asubuhi ZENJI na MIKOANI zikaita kwa pamoja. Kijana wa kaunta akaweka moja kila sikio. Kwenye MIKOANI alikuwa mama wa Songea, anauliza doti zake 40 zimepanda basi gani. Kijana hajui. Anayejua ni mwenzake, aliyekwenda stendi na simu ya MZIGO. Mama akaomba namba yake. Kijana akamtajia kwa mdomo, tarakimu kumi, huku upande wa pili Zanzibar wanalalamika wamesahaulika. Mama akaandika, akakosea moja, akapiga tena. Akakosea tena. Mara ya tatu hakupiga.

Mama yule pengine alinunua kwingine wiki iliyofuata, na rafiki yangu asingejua kamwe, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba Songea alipiga akashindwa kupata jibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari la mauzo tunalo, la madeni tunalo, la simu hatuna.

Nilirudi pale baada ya miezi kadhaa. Zile plasta hazipo. Kuna simu moja nyeusi ya mezani kaunta, na kompyuta mpakato pembeni. Sasa mama wa Songea anapiga namba moja tu na kukaribishwa na sauti ya binti wa dukani iliyorekodiwa: kwa oda bonyeza 1, kwa mzigo uliotumwa bonyeza 2. Akibonyeza 2, inaita kwa kijana aliyeko stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenye programu iliyomo ndani ya simu yake mwenyewe. Anajibiwa basi gani, saa ngapi. Wala haoni namba binafsi ya kijana. Anaijua namba ya duka tu.

Hicho ndicho kijana wako wa Mwanza anachokueleza. Ni kitu cha maana.

Kinafanyaje kazi?

Nitaeleza kwa ufupi, maana ukielewa hutadanganywa. Unapozungumza, mfumo unageuza sauti yako kuwa tarakimu, kisha unaikata vipande vidogo. Kwa kawaida kila kipande hubeba milisekunde 20 za sauti, yaani sekunde moja ya maneno yako husafiri kama vipande 50. Kila kipande kina anwani, kinapita njia ileile ya barua pepe na video, na upande wa pili vinapangwa upya kuwa sauti. Mafundi huuita mfumo huu VoIP.

Na ile swichibodi? Zamani ilikuwa kabati la nyaya ofisini, na dada wa mapokezi alikaa nayo kutwa. Kampuni kubwa ndizo zilizoimudu. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja kijana, Mark Spencer, alikuwa na kampuni changa na hakuwa na fedha za kununua mtambo wa simu wa ofisi. Akaandika programu ya kompyuta ifanye kazi hiyo, akaiita Asterisk, akaitoa bure kwa yeyote. Mpaka leo mifumo mingi ya simu za ofisi duniani imejengwa juu yake. Nakupa habari hii ujue kwamba kitu hiki kilizaliwa na mwenye biashara ndogo aliyekwama kama wewe. Hakikuletwa kwa ajili ya mabenki peke yake.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana wengi wanakosea: mteja wako hahitaji intaneti. Anayehitaji ni wewe. Kampuni inayokupa huduma inakupa namba ya kawaida, na bibi mwenye kitochi kule Sengerema anaipiga kwa vocha yake kama anavyopiga namba yoyote. Kinachobadilika ni namna simu inavyokufikia wewe.

Faida zenye uzito

Ya kwanza ndiyo mama wa zote: namba inakuwa ya biashara. Inaombwa kwa jina la biashara, kwa nyaraka za usajili, TIN na leseni yako. Mfanyakazi anapewa ekstensheni, yaani namba fupi ya ndani, tuseme 103. Akiacha kazi, unaingia kwenye mfumo, unafuta nywila yake, unampa mwingine 103. Dakika tano. Mteja hajui hata kama kuna aliyeondoka. Mdogo wangu wa Mwanza, ungekuwa na hili, leo tungekuwa tunazungumzia rangi za mapazia.

Ya pili, daftari linajiandika lenyewe. Kila simu iliyoingia ina saa, namba ya aliyepiga, muda aliosubiri na jina la aliyepokea. Na ambazo hazikupokelewa zimo pia. Rafiki yangu wa vitenge alipoangalia orodha yake ya mwezi wa kwanza, aliona simu nyingi zikiingia kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, wakati duka limefungwa. Ni wanunuzi wa mikoani, wameshuka kwenye mabasi ya usiku, wanauliza kama kuna mzigo mpya kabla hawajaenda kwa mwingine. Hakununua tangazo, hakupunguza bei. Alimpanga kijana mmoja apokee simu kuanzia saa 12, akiwa nyumbani kwake.

Ya tatu ni matawi. Mwanza na Geita zikiwa kwenye mfumo mmoja, fundi wa Geita anampigia fundi wa Mwanza kwa namba fupi, simu inapita kwenye intaneti mnayoilipia tayari, hailambi dakika hata moja. Mteja akipiga Mwanza akitaka kitu kilichopo Geita, anahamishiwa huko akiwa bado hewani. Hatajiwi tena tarakimu kumi kwa mdomo.

Ya nne, namba haifungwi na jengo. Mnaokumbuka simu za waya mnajua taabu yake: ukihama mtaa, unaomba laini upya, unasubiri fundi, na wakati mwingine namba inabaki nyuma. Nyaya za shaba nazo zilikuwa zinaibwa usiku, asubuhi mtaa mzima kimya. Namba ya intaneti ipo popote ilipo akaunti yako. Mwenye nyumba akipandisha kodi, unabeba simu yako ya mezani, unaichomeka kwenye rauta ya jengo jipya, na namba inaita huko.

Ya tano, unakua kwa hatua. Ukiajiri mtu wa saba, unamwongezea ekstensheni. Kama hana simu ya mezani, anaweka programu kwenye simu yake au kwenye kompyuta na kuvaa hedifoni yenye maiki. Msimu wa harusi na Krismasi unaongeza wapokeaji, Januari unawapunguza.

Na gharama? Hapa nitakuwa mkweli kuliko muuzaji. Simu za ndani kati ya ofisi zako zitakuwa bure, na simu za nje ya nchi mara nyingi zinashuka bei. Lakini simu ya kwenda kwenye laini ya mkononi ya hapa nchini bado ina bei yake, kwa sababu mtandao unaopokea lazima ulipwe. Ukilinganisha na kifurushi cha dakika cha kawaida, unaweza kukuta hakuna tofauti kubwa. Kwa hiyo usiingie huku kwa ahadi ya kuokoa nusu ya bili. Ingia kwa sababu unataka namba iwe yako na usipoteze wateja. Faida yake ipo kwa yule mama wa Songea.

"Mbona tuna WhatsApp?"

Najua mmoja wenu ameshauliza hili moyoni. WhatsApp nzuri, msiiache. Picha za mapazia zitumwe huko. Lakini isiwe mlango wako pekee, kwa sababu tatu.

Mosi, inamtaka mteja awe na simu janja na bando. Bibi wa kitochi umemfungia mlango. Pili, bado imefungwa kwenye namba ya laini moja. Laini ikiwa ya mtu, WhatsApp nayo ni ya mtu. Tatu, wale mnaofuata mzigo Dubai mnajua kwamba kule simu za WhatsApp zimezuiwa. Ujumbe unaenda, kupiga hupigi. Wakala wako anayepakia kontena hawezi kukupigia kwa njia hiyo hata akitaka.

Halafu kuna somo la Skype. Ilianza 2003, ikawa jina la kila mtu, ukitaka kuongea na ndugu Ulaya unasema "tukutane Skype." Mwaka 2011 Microsoft waliinunua kwa dola bilioni 8.5. Mei 5, 2025 wakaifunga. Biashara zilizokuwa zimeandika jina la Skype kwenye kadi zao zikalazimika kuanza upya. Ukijenga kwenye kiwanja cha mtu, siku akitaka kiwanja chake hakuombi ruhusa.

Kabla hujalipa hata senti

Sasa twende kwenye masharti, maana dada hawezi kukupa utamu akakuficha mwiba.

Intaneti kwanza. Simu moja, kwa sauti ya ubora wa kawaida, inatumia karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Weka 100 kurahisisha hesabu. Watu kumi wakizungumza kwa wakati mmoja, unahitaji megabiti 1 kushuka na megabiti 1 kupanda. Ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa anayetumia bando, hiyo ni kama megabaiti 1.3 kwa dakika, au karibu 80 kwa saa nzima ya mazungumzo.

Tatizo huwa kwenye utulivu. Barua pepe ikichelewa sekunde mbili hakuna anayejua. Sauti ikichelewa, mnaanza kukatana maneno. Kipimo cha kimataifa kinashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ndiyo maana zamani simu za intaneti zilitukera. Kabla kebo ya SEACOM haijafika pwani yetu Julai 2009, intaneti yetu nyingi ilipanda kwenye setilaiti iliyo kilometa 36,000 juu na kushuka, na safari hiyo peke yake ilikula karibu robo sekunde. Unasema "haloo", unasubiri, unasema tena "haloo", majibu mawili yanakuja pamoja. Leo kwenye faiba hilo limekwisha. Lakini kama ofisini kuna kijana anayepakua filamu kwenye rauta hiyohiyo, mteja ataisikia filamu hiyo kwenye mikwaruzo. Mwambie fundi aipangie sauti kipaumbele kwenye rauta, na simu za mezani zichomekwe kwa waya badala ya kutegemea waifai.

La pili ni umeme. Simu ya waya ya zamani ilipata umeme wake kutoka kwenye mtambo wa simu, ndiyo maana taa zikizimika yenyewe iliendelea kuita. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Tanesco wakikata na rauta ikazima, ofisi imekuwa bubu. Nunua betri ndogo ya kushikilia rauta; zinauzwa mpaka Kariakoo. Kisha uagize kwenye mfumo kwamba ofisi isipopatikana, simu ziende moja kwa moja kwenye laini ya mkononi ya msimamizi. Agizo hili hukaa kwenye seva za kampuni, kwa hiyo linafanya kazi hata kwako kukiwa giza totoro. Muuzaji asiyejua kuliweka, usimpe kazi.

Na kebo za baharini hukatika. Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika, na hapa Tanzania intaneti ikawa ya kobe. Siku kama hiyo mfumo ambao seva zake ziko Ulaya unaumia kuliko ambao seva zake ziko hapa nchini. Muulize muuzaji seva zake ziko wapi. Na hata ukiridhika, bakiza simu moja ya kawaida ofisini yenye salio, kwa siku mbaya na kwa dharura. Mtu akianguka ghafla au moto ukizuka, piga 112 au 114 kwa simu hiyo ya kawaida.

Wezi nao wapo. Wanatafuta mifumo yenye nywila za kitoto, ekstensheni 103 nywila 103, wanaingia Jumamosi usiku na kupiga simu za nje ya nchi mpaka Jumatatu asubuhi. Bili inakuja kwako. Dawa yake ni nyepesi: nywila ndefu kwa kila ekstensheni, simu za nje zifungwe kwa asiyezihitaji, na malipo yawe ya kabla yenye kikomo cha siku. Salio likiisha, mwizi naye amekwama.

Sheria nayo tuiheshimu. Hakikisha anayekuuzia ana leseni ya TCRA, na kama uko Kenya, ya Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Bei ya kutupa ya simu za kimataifa mara nyingi ina kisanduku cha laini nyingi kilichofichwa chumbani kwa mtu, na hilo ni kosa linalopeleka watu mahakamani. Ukitaka kurekodi simu za wateja, waambie mwanzoni kabisa kwamba simu inarekodiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Wakenya wana yao tangu 2019. Sauti ya mteja ni yake. Itunze, usiwasambazie watu kwenye magrupu, na ukimaliza haja nayo uifute.

Nani asijisumbue

Kama uko peke yako, una genge au saluni ya kiti kimoja, huhitaji mfumo huu leo. Wewe chukua laini, isajili kwa kidole chako mwenyewe, uitenge na simu ya nyumbani, inatosha. Siku utakapokuwa na watu watatu wanaopokea simu za wateja, au matawi mawili, ndipo turudi kwenye mkeka huu.

Na kama eneo lako intaneti inakuja na kuondoka kama mvua za vuli, subiri. Usimwachie mteja sauti inayokatika kwa sababu ya kutaka kuonekana wa kisasa.

Mdogo wangu wa Mwanza, fanya hivi

Kwanza, wiki hii, kabla ya kununua chochote, weka daftari karibu na simu. Andikeni kila simu inayoingia, saa, na kama ilijibiwa. Siku saba tu. Utajua ni simu ngapi zinaingia kwa pamoja saa ya msongamano, na hiyo ndiyo hesabu utakayompa muuzaji.

Pili, pima intaneti yako mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, na saa 11 jioni watu wanapokuwa wengi mtandaoni. Angalia kupanda pia, wengi tunaangalia kushuka tu.

Tatu, ita wauzaji wawili au watatu, uwaulize maswali haya na majibu wayaandike: Namba itakuwa kwa jina la nani? Nikiwahama, naondoka nayo au inabaki kwenu? Umeme ukikatika simu zangu zinakwenda wapi? Seva ziko wapi? Usiku nikipata shida namwita nani? Lile la kuhama na namba usilione dogo. Tangu 2017 tunaweza kuhama mtandao wa simu za mkononi bila kubadili namba, lakini usidhani namba ya mfumo huu itakwenda vilevile. Liandikwe kwenye mkataba.

Nne, omba majaribio ya wiki mbili kwa ekstensheni mbili tatu, kwa programu za simuni, bila kununua simu za mezani. Piga mwenyewe kama mteja. Piga saa ya mvua, piga Jumamosi mchana. Sikiliza sauti inavyofika.

Tano, sauti ya kupokea wateja iwe fupi, ya Kiswahili chetu, machaguo yasizidi matatu, na moja liwe la kuongea na mtu. Mteja aliyebonyeza mara nne bila kusikia binadamu ameshakata tamaa. Rekodi kwa sauti yako mwenyewe. Watu wa Mwanza wanakujua.

Sita ni ile namba ya zamani. Binti akikubali kuirudisha, usiitupe. Kwenye laini hiyo piga *21* ikifuatiwa na namba mpya na alama ya reli, simu zote zitahamia kwenye mfumo wako, ila gharama ya kuhamisha itakatwa kwenye laini hiyo ya zamani, kwa hiyo iwekee salio. Asipokubali, paka rangi kibao upya, chapa risiti mpya, watumie wateja wa zamani ujumbe mmoja wa heshima wenye namba mpya. Usimtaje binti kwa ubaya. Wateja wanakuja kwa mkono wa mafundi wako, na watarudi.

Wengine wote mliokaa kimya mkinisikiliza, nendeni sasa hivi mkaangalie namba iliyoandikwa kwenye kibao chenu. Pigeni *106# kwenye laini hiyo, muone imesajiliwa kwa jina la nani. Kama si jina lako wala la biashara yako, usisubiri mtu aage. Anza kuirekebisha leo, mngali mnasalimiana vizuri.